Kujenga kwa nyasi na mabua Dodoma bila kuunguliwa: mwongozo kamili

Ukizunguka mkoa wa Dodoma, kuanzia Mvumi na Chamwino hadi Bahi na Kongwa, utaona nyasi bado ni kifaa cha ujenzi. Jiko la uani limeezekwa nyasi, kihenge kimefunikwa nyasi, zizi la mbuzi lina kivuli cha mabua ya mtama, na mjini kwenyewe mabanda ya nyama choma yanaezekwa nyasi kwa sababu chini yake kuna ubaridi ambao bati halina. Siku hizi wapo pia wanaoulizia kuta za marobota, yaani mabua ya mpunga au ngano yaliyofungwa kwa mashine, yakapangwa kama tofali na kupigwa lipu.

Simkatazi mtu kujenga kwa nyasi. Zinapatikana, bei yake inabebeka, na nyumba yake haichemki mchana wa Oktoba. Lakini familia zinaunguliwa, nyingine zinapoteza chakula cha mwaka mzima kwa usiku mmoja, na mara nyingi chanzo chake ni kitu kidogo ambacho kingezuilika kwa kazi ya siku moja. Mwongozo huu ni wa anayetaka kujenga, na wa yule ambaye tayari analala chini ya paa la nyasi.

Kwanza elewa hewa

Bua lenyewe halina ubaya. Kinachofanya nyasi ziwake kwa kasi ni hewa iliyo katikati yake. Nyasi zilizolegea zina hewa kila upande, kwa hiyo cheche moja inatosha. Nyasi hizohizo zikibanwa sana na kufunikwa udongo, moto unakosa pumzi.

Unaweza kuliona jambo hili kwa macho yako. Chagua asubuhi tulivu, nenda mahali peupe mbali na nyumba, weka ndoo ya maji kando. Chukua mafungu mawili ya nyasi yanayolingana. La kwanza liache limelegea. La pili lisokote likaze, lichovye kwenye tope zito la kichuguu, kisha lianike mpaka likauke kabisa. Sasa lishike kila moja kwa koleo juu ya makaa. Lile lililolegea linashika mara moja, mwali unapanda, na ndani ya muda mfupi umebaki na majivu. Lile la tope linaanza kwa kutoa moshi, udongo unabadilika rangi na kupata nyufa ndogo, ncha za nyasi zilizochomoza nje zinageuka nyekundu, kisha zinazimika zenyewe pale zinapokutana na tope. Ziangalie vizuri hizo ncha zilizochomoza, kwa sababu ndizo mlango wa moto kwenye nyumba nzima. Karibu kila hatua inayofuata ni kazi ya kuziba milango ya namna hiyo.

Hatua ya 1: Panga kazi kwa majira ya Dodoma

Mvua zetu ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu zote zinanyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni ukavu mtupu. Juni na Julai watu wanavuna na kurundika mabua nyumbani. Agosti hadi Novemba nyasi za paa zimekauka kabisa, upepo unavuma, visulisuli vinapita uani, na hapohapo ndipo watu wanachoma mashamba kujiandaa na msimu. Mvua zikianza, radi nazo zinaanza.

Kwa hiyo kata na kausha nyasi za kuezekea baada ya mvua kuisha, ezeka na kandika mapema, na uhakikishe hadi kufika Agosti hakuna ukuta wa mabua uliobaki wazi. Anayeanza kujenga kwa marobota Septemba amejichagulia miezi mibaya kuliko yote.

Hatua ya 2: Chagua mahali ukifuata upepo

Dodoma na Singida upepo wa kiangazi kwa sehemu kubwa unatoka mashariki na kusini-mashariki. Kwa hiyo jiko la kuni likae upande wa magharibi wa nyumba ya kulala, ili cheche zikiruka zielekee nje ya mji wako. Usiliamini neno langu peke yake. Tazama miti ya kiwanjani ilivyoinama, au funga kitambaa kwenye mti mrefu ukiangalie kwa siku kadhaa.

Umbali nao ni muhimu. Kama kiwanja kinaruhusu, acha mita 10 kati ya jiko na jengo lolote la nyasi. Kihenge kisikae kati ya jiko na nyumba. Na tafadhali, lile rundo la mabua ya ng'ombe lisiegemezwe ukutani. Nimeona nyumba zilizokandikwa vizuri kabisa, halafu mabua ya mifugo yamepangwa hadi kugusa paa. Hiyo ni sawa na kumjengea moto ngazi.

Ukiwa ndani ya eneo lililopimwa la jiji, ongea na ofisi ya mhandisi wa ujenzi ya halmashauri kabla hujanunua hata fungu moja la nyasi. Kuna vitongoji ambavyo kibali cha ujenzi kina masharti yake kuhusu vifaa, na kubomolewa kunauma kama kuunguliwa.

Hatua ya 3: Chagua namna ya kuzitumia nyasi

Nyasi zinaingia kwenye jengo kwa njia nyingi, na hatari yake hailingani hata kidogo.

Salama kuliko zote ni tofali la udongo mbichi lenye nyasi zilizokatwakatwa. Humo nyasi zinazuia tofali lisipasuke likikauka, na kila kipande kimezikwa ndani ya udongo. Tofali hilo haliwaki. Ukuta wa miti na fito uliokandikwa udongo wenye nyasi unafuata, mradi udongo umefunika miti pande zote mbili.

Kisha lipo tembe. Wazee wa Kigogo walitatua tatizo hili zamani: nguzo, miti ya juu, fito, tabaka la nyasi au majani, halafu udongo mzito juu yake. Paa liko bapa, nyasi zimelala chini ya udongo, na cheche inayotua juu inatua kwenye ardhi tupu. Katika nchi kavu yenye upepo kama hii, ni paa lenye akili kubwa, na inasikitisha kuona vijana wanalikimbia kwa aibu ya kuitwa washamba. Lina hatari moja ambayo lazima uijue: moto ukianzia ndani na kula nguzo, udongo wote ule unashuka kwa mkupuo. Ndani ya tembe hakuna muda wa kurudi kuchukua godoro.

Ukuta wa marobota unashika nafasi ya katikati. Ulianzia Nebraska, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, baada ya mashine za kufunga mabua kuingia mashambani huko ambako mbao zilikuwa adimu. Mwaka 2006 kuta za namna hii zilijaribiwa kwa moto maabara huko Marekani: uliopigwa lipu ya udongo ulihimili saa 1, na uliopigwa lipu ya saruji na chokaa ulihimili saa 2. Tangu 2015 ujenzi huu umo katika kiambatisho cha kanuni za nyumba za makazi za nchi hiyo. Lakini zingatia kwamba zile zilikuwa kuta zilizokamilika, zimebanwa na kufunikwa. Robota likiwa bila lipu ni jambo jingine kabisa.

La mwisho, na la hatari kuliko yote, ni paa la nyasi la mteremko. Lipo wazi kwa hewa juu na chini, na moto unapenda kupanda. Kwa hiyo kama unaweza kutumia nyasi kwenye kuta na bati juu, fanya hivyo.

Nina ushauri ambao watu wengi wanaubishia: kama una bati za jengo moja tu, ziweke jikoni. Desturi yetu ni kuanza na nyumba ya sebule ili mgeni aone, jiko likabaki na nyasi kwa sababu "ni jiko tu". Lakini moto unakaa jikoni kila siku. Nyumba ya kulala yenye nyasi na isiyowashwa moto ndani inaweza kungoja msimu ujao.

Hatua ya 4: Andaa nyasi zenyewe

Nyasi mbichi hazifai, na si kwa sababu ya kuoza peke yake. Mabua yenye unyevu yakirundikwa yanajipasha joto kutoka ndani kwa kazi ya vijidudu, na rundo kubwa linaweza kufika mahali pa kuwaka lenyewe bila kiberiti. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa majani ya malisho yaliyokatwa yakiwa mabichi. Namna ya kukagua: choma nondo ndefu katikati ya rundo, iache humo kwa muda, ichomoe na uishike sehemu iliyokuwa ndani. Kama huwezi kuendelea kuishika kwa sababu ya joto, weka maji karibu kwanza, ndipo ulitawanye rundo taratibu. Usilifumue kwa pupa, maana hewa ikiingia ghafla linaweza kulipuka mwali.

Kwa marobota, kanuni zile za Marekani zinataka unyevu usizidi asilimia 20 ya uzito wakati wa kupiga lipu ya kwanza, na robota liwe na angalau kilo 104 kwa kila mita ya ujazo. Kwa lugha ya saiti: robota la sentimita 35 kwa 45 kwa 90 liwe na kilo 15 hivi au zaidi likiwa kavu. Likiwa jepesi kuliko hapo limelegea, lina hewa nyingi, lirudishe. Lishike kwa kamba moja ulinyanyue. Kama kamba inapata nafasi ya kupitisha kiganja kizima, halijabanwa.

Mpunga wa Bahi unatoa mabua laini yanayobanika vizuri. Mabua ya mtama na uwele ni manene na yana mashimo kati yake. Yanafaa kwa uzio na kivuli, si kwa ukuta wa marobota.

Hatua ya 5: Linda saiti, kwa sababu siku za ujenzi ndizo mbaya zaidi

Nyumba nyingi za marobota zinazoungua, zinaungua kabla hazijakamilika. Sababu iko wazi: mabua yaliyomwagika yametapakaa chini, kuta hazina lipu, mafundi wanavuta sigara, mama lishe amekoka jiko pembeni, na fundi wa kuchomelea anakata nondo kwa grinda.

Fagia mabua yaliyomwagika kila jioni bila kukosa, uyapeleke mbali. Yafunike marobota ambayo hayajatumika. Weka mahali maalumu pa sigara na chai, upande upepo unakoelekea, mita 20 kutoka kwenye kazi, na umweleze kila fundi siku ya kwanza kabla hajashika chepe.

Kuhusu kuchomelea: milango na madirisha ya chuma yachomelewe karakana, yaje saiti yakiwa tayari. Ikiwa hakuna jinsi, viwango vya usalama vya Marekani vinataka kisibaki kitu cha kuwaka ndani ya mita 11 kutoka kwenye kazi hiyo. Cheche za grinda zinaruka mbali na zinaingia kwenye nyufa. Lowesha ardhi, weka mtu mmoja mwenye ndoo ambaye kazi yake ni kutazama tu, na aendelee kutazama saa nzima baada ya kazi kuisha. Moto wa mabua unaweza kufuka chini kwa chini muda mrefu kabla mwali haujaonekana.

Piga lipu ya kwanza mapema kadiri inavyowezekana, hata kama ni nyembamba. Kabla ya hapo nyoa ukuta: kata ncha zote zilizochomoza kwa panga kali au mkasi wa ua, kwa sababu ile uliyoiona kwenye jaribio ndiyo inayotokea hapa. Lipu ya udongo ikamilike kwa unene usiopungua sentimita 2.5 kila upande. Udongo wa kichuguu, mchanga, nyasi zilizokatwa fupi na samadi ya ng'ombe unashikana vizuri. Jaribu michanganyiko mitatu kwenye kipande cha ukuta, uchague usiopasuka.

Usisahau sehemu ya juu ya ukuta, chini ya bati. Mafundi wengi wanaiacha wazi kwa kuwa haionekani. Moto ukiingia hapo unasafiri juu ya ukuta wote ukiwa umejificha. Ifunike kwa udongo ule ule, na uzungushie udongo pia kwenye fremu za milango na madirisha.

Hatua ya 6: Jiko

Kama jiko lina paa la nyasi na huwezi kubadilisha mwaka huu, mambo matatu yatakusaidia kuliko mengine.

La kwanza ni kukinga sehemu iliyo juu ya mafiga. Chukua bati moja, hata kuukuu lisilo na matundu, ulining'inize kwa waya chini ya nyasi, juu kabisa ya moto. Liache na nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati yake na nyasi. Nafasi hiyo ndiyo inayofanya kazi. Bati likigusa nyasi linapitisha joto moja kwa moja, nyasi zinakauka na kuungua polepole kwa nyuma bila wewe kuona. Likiwa na nafasi, hewa inapita na joto linapungua, na cheche zinagonga chuma na kufa.

Wengine wanakandika udongo upande wa chini wa paa. Inafanya kazi, lakini piga hesabu ya uzito kwanza. Sentimita 2 za udongo ni kama kilo 34 kwa kila mita ya mraba. Jiko la mita 3 kwa 4 lenye paa la mteremko mkali lina kama mita 17 za mraba, kwa hiyo unaongeza zaidi ya nusu tani juu ya miti yako. Kama miti ni myembamba au imeliwa na mchwa, usifanye.

La pili ni kuuzungushia moto ukuta. Mafiga yaliyo wazi yanapigwa na kila upepo unaopita mlangoni. Jiko la udongo lililofungwa pande, lenye mdomo mmoja wa kuni usiotazama mlango, linapunguza cheche na linakula kuni chache. Kama unaweka bomba la moshi, usilipitishe kwenye nyasi. Litoe kupitia ukutani, lipande kwa nje mbali na paa. Uingereza, ambako nyumba za nyasi zina mabomba ya moshi tangu zamani, wanashauri bomba lipite kilele cha paa kwa mita 1.8 ili cheche zizimike hewani.

La tatu ni majivu. Majivu ya jana si baridi. Kaa lililofunikwa na majivu linaweza kubaki hai hadi kesho yake, na ukilimwaga nyuma ya nyumba wakati kisulisuli kinapita, linaamka. Chimba shimo la majivu, au tumia debe la chuma lenye kifuniko, ulimwagie maji kabla ya kulitoa.

Fagia masizi pia. Yale masizi yanayoning'inia na tandabui kwenye fito yanashika cheche na kuibeba hadi kwenye nyasi. Kila baada ya wiki kadhaa, moto ukiwa umezimwa, yapukute kwa fagio refu.

Gesi inaingia vijijini kwa kasi; Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Jiko la gesi halirushi cheche, na hiyo ni nafuu kubwa. Lakini gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kungoja moto. Mtungi ukae nje kwenye kivuli, mpira upite ukutani, na ukuta uwe na matundu karibu na sakafu. Usiwashe gesi na kuni ndani ya chumba kimoja.

Hatua ya 7: Paa la nyasi lililoezekwa vizuri

Paa la nyasi nene, lililobanwa sana, linawaka polepole kuliko lile jembamba lililolegea. Mteremko wa nyuzi 45 unamwaga maji haraka, nyasi hazikai na unyevu na hazihitaji kuongezewa tabaka kila mwaka. Bana kila safu kwa fito na kamba kabla ya kuweka inayofuata, kisha kata ncha za ukingoni zilingane. Ukingo usishuke chini ya kimo cha mtu. Watoto wenye vijinga vya moto wanapita hapo.

Usitandaze turubai wala nailoni chini ya nyasi. Ikishika moto inayeyuka na kudondosha matone ya moto juu ya watu. Usipigilie bati juu ya paa kuukuu la nyasi pia. Watu wanafanya hivyo kuokoa gharama ya kubomoa, lakini moto unaotembea kati ya bati na fito haufikiwi na maji.

Kuna dawa za kupunguza uwakaji. Mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki unasaidia, na chumvi za fosfeti ya amonia, jamii moja na mbolea ya DAP, zinatumika duniani kuzuia moto. Tatizo ni kwamba zinayeyuka kwa maji. Mvua mbili tatu za Januari zinaziosha upande wa nje. Zitumie kwa upande wa ndani kama nyongeza, na usilegeze tahadhari nyingine hata moja.

Kwa radi, mlingoti wa chuma wa kuipokea usimame peke yake kando ya jengo, mrefu kuliko paa, na waya wake ushuke ardhini bila kugusa nyasi. Kuufunga juu ya paa lenyewe ni kuialika radi ndani. Tafuta fundi umeme anayeijua kazi hiyo.

Hatua ya 8: Taa na umeme

Koroboi na mshumaa visiingie kabisa kwenye nyumba ya nyasi. Taa ndogo ya sola inatosha. Dawa ya mbu ya kuchoma iwekwe ndani ya sufuria pana, mbali na chandarua, au iachwe kabisa.

Sola nayo ina moto wake. Betri inaweza kusukuma mkondo mkubwa sana waya zikigusana, na mafundi wengi wa haraka hawaweki fyuzi. Dai fyuzi, na iwe karibu kabisa na betri. Waya zote zipite ndani ya paipu, zisisukumwe kati ya nyasi, kwa sababu panya wanazitafuna. Soketi na swichi zikae kwenye ubao au tofali, zisigusane na mabua ndani ya ukuta. Muungo wa waya wa kusokota kwa mkono na kufunga mfuko wa plastiki ni chanzo cha moto kinachosubiri siku yake.

Na bodaboda ilale nje. Bomba lake la moshi linakuwa na joto kali, na mvuke wa petroli ndani ya banda la nyasi hauhitaji maelezo. Vivyo hivyo chupa za petroli za kuuza.

Hatua ya 9: Banda la biashara

Mwenye mgahawa au baa ya nyasi ana roho za watu mkononi. Jiko la nyama choma litoke chini ya nyasi, lipate kipaa chake cha bati. Banda liwe na njia mbili pana za kutokea, zinazotazama pande tofauti, bila meza wala kreti za soda kuziziba. Taa za mapambo zisifungwe kwenye nyasi. Omba Jeshi la Zimamoto na Uokoaji waje kukagua. Kukagua majengo na kutoa ushauri ni sehemu ya kazi yao.

Hatua ya 10: Safisha mzunguko

Kabla ya Agosti kila mwaka, lima na fagia ardhi kuzunguka mji wako wote, mita 10 bila nyasi kavu. Palipo na pori au shamba la jirani ambalo huchomwa, panua zaidi upande unakotoka upepo. Kubaliana na majirani siku ya kuchoma: asubuhi mapema, pasipo upepo, watu wapo, maji yapo. Mwenyekiti wa kitongoji asimamie jambo hili, maana moto wa shamba haujui mpaka.

Weka pipa la lita 200 lililojaa maji, pamoja na ndoo, ngazi, magunia ya kulowesha, lundo la mchanga, na mti mrefu wenye kulabu ya chuma wa kuvutia nyasi zinazoanza kuwaka. Maji hayo ni ya moto tu. Najua ilivyo Dodoma, ndoo ya maji inatafutwa mbali, na kishawishi cha kulichota pipa Oktoba ni kikubwa. Kama ni lazima, weka maji ya kufulia humo. Moto haubagui maji machafu.

Chumba cha kulala kiwe na njia ya pili: dirisha pana linalofunguka, ambalo nondo zake zina bawaba na komeo kwa ndani. Wafundishe watoto kulifungua gizani.

Hatua ya 11: Moto ukitokea

Watoe watu kwanza, wote, na usimruhusu yeyote arudi ndani. Piga 114. Kama moto uko kwenye eneo dogo la paa na unaweza kulifikia ukiwa chini, vuta nyasi hizo kwa kulabu na uzimwagie maji zikiwa ardhini. Usipande juu ya paa linalowaka. Kama mwali umeshapanda kwenye kilele, paa hilo limekwenda. Maji yako yote yapeleke kwenye mapaa ya jirani yaliyo upande upepo unakoelekea, na weka watu wenye magunia mabichi kuzima cheche zinazotua huko. Wafungulie mifugo mapema, kabla zizi halijajaa moshi.

Aliyeungua, mmwagie maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, mvue pete na bangili kabla hajavimba, funika jeraha kwa kitambaa safi, mpeleke kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, unga, samli wala yai.

Moto ukishazimwa, kazi haijaisha. Paa nene na ukuta wa marobota huficha moto ndani. Weka mtu wa zamu usiku kucha na siku inayofuata. Pitisha kiganja ukutani bila kugusa, hatua kwa hatua, kuanzia juu ambako joto hupanda. Ukihisi joto au ukiona moshi mwembamba kwenye ufa, fungua lipu mahali hapo, toa mabua meusi yote mpaka ufikie yenye rangi yake, mwagia maji, na uache tundu wazi. Lizibe tu baada ya mabua ya ndani kukauka kabisa, kwa udongo ule ule na unene ule ule wa sentimita 2.5.